Chupa Iliyobaki Begini

Siku mliyoniaga pale ofisini, vijana wangu, mwenzenu mmoja alisimama na soda mkononi akasema, "Mzee Yusufu ni mtu aliyemwachia Mungu amwongoze katika kila hatua ya kazi yake." Mkapiga makofi. Mimi nilishtuka hata soda ikanipalia, na dada wa masijala akanipiga mgongoni akidhani nimeguswa na hotuba. Sikuwa nimeguswa. Nilikuwa nimeogopa. Maneno yanayofanana na hayo niliwahi kuyasema mwenyewe mbele ya ng'ombe wa mjane wa Kisondela, na kilichofuata sikumwambia mtu yeyote mliyemkuta ofisini. Sasa koti la mvua nimerudisha, pikipiki nimerudisha, na hakuna wa kunifukuza kazi. Acha niandike.

Vyeo vyangu sitavitaja, viko kwenye faili. Mshahara mnaujua kunizidi, maana ni huohuo wenu.

Nilianza nikiwa kijana mwembamba mwenye cheti kipya na viatu visivyofaa matope. Mimi ni wa hapahapa Tukuyu. Babu alikuja na cherehani yake kutoka pwani, akashona makoti ya watu wa baridi, akaoa, akazikwa hapa. Baba akafungua bucha. Mnaijua desturi ya milima yetu: hata kijiji kizima kiwe cha Wakristo, ng'ombe atachinjwa na Mwislamu ili nyama iliwe na kila mtu bila maswali. Na ng'ombe lazima achinjwe angali hai. Akifa mwenyewe ni mzoga, na mwenye ng'ombe anabaki na kazi ya kuchimba shimo. Kwa hiyo ng'ombe wa mtu akizidiwa, watu wawili walitimua mbio kwa pamoja, mmoja kumwita Bwana Mifugo na mwingine kumwita baba yangu.

Nilipoajiriwa, watu walifurahi kupita kiasi. Bwana Mifugo Mwislamu! Mbio mbili zimekuwa moja. Mzee mmoja wa Lupepo aliniambia waziwazi, "Wewe Kyala amekuleta na dawa mkono huu na kisu mkono huu. Hatupotezi kitu." Kyala ndiye Mungu kwa Kinyakyusa, na mzee yule alisema kwa shukrani ya kweli. Nilicheka. Baba hakucheka. Alitoa kisu chake kimoja, akakifunga kwenye kitambaa safi, akanikabidhi akisema, "Utaitwa kwa dawa na utaitwa kwa kisu. Usije ukavichanganya." Nilidhani anazungumzia usafi wa begi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ambakisye, mtu mfupi, mzee wa kanisa, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata juani. Kofia ile ilivuliwa kwa sababu moja tu. Siku yangu ya kwanza tulipanda mpaka upande wa Igogwe, tukamkuta ng'ombe tumbo limejaa gesi hadi ngozi inalia ukiigonga. Mwenye ng'ombe analia, watoto wanalia. Mzee Ambakisye akavua kofia, akafumba macho, midomo ikacheza kidogo. Kisha akaivaa kofia na kuanza kumzunguka ng'ombe taratibu, anagusa masikio, anafunua ufizi, anasikiliza ubavu, anauliza amekula nini na saa ngapi. Nilitamani kumsukuma. Mwishowe akachomoa trokari, ile ncha ya chuma iliyo ndani ya mrija, akaitumbukiza ubavuni kwa pigo moja. Hewa ilitoka kwa kishindo, harufu ikanipiga usoni, nikaruka nyuma na kukaa kwenye mfereji wa mkojo. Nilipoinua macho ng'ombe alikuwa ameshaanza kunusa majani. Nilibaki nimekaa palepale, mdomo wazi.

"Simama," mzee akaniambia. "Suruali itafuliwa."

Njiani akanieleza utaratibu wake, na sikuwahi kumsikia akiubadilisha. "Gwe Yusufu, kwanza muulize Kyala. Halafu muulize ng'ombe. Na wote wawili uwape nafasi ya kujibu." Kumuuliza ng'ombe ndiko kule kuzunguka: masikio, macho, ufizi, joto, mavi, amezaa lini, amelala tangu lini. Kila mara ilimchukua muda mrefu hadi wenye mifugo wanakunja uso. Mimi nilikuwa na dua yangu fupi, nikiisoma kwa pumzi moja, nikajiona mtaalamu wa kisasa.

Baada ya miezi kadhaa akanipa chupa ya kioo ya kalsiamu na mpira wake wa kutilia dawa kwenye mshipa. "Kaa nayo begini," akasema. "Siku utakayoihitaji hutakuwa na muda wa kurudi Tukuyu kuifuata."

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na Mzee Ambakisye alikuwa ameenda kwenye msiba, ndiyo maana nilienda Kisondela peke yangu kwa baiskeli. Nyumba ilikuwa ya Mama Atupele, mjane wa miaka kama arobaini mwenye binti mmoja mdogo. Ng'ombe wake aliitwa Sekela. Alimpata kupitia kikundi cha akina mama, kwa masharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe jirani, na sharti hilo alikuwa amelitimiza. Sekela ndiye aliyemtunza binti, ndiye aliyeipa migomba samadi, ndiye aliyemfanya Mama Atupele aitwe mtu mwenye mji wake licha ya kufiwa. Alikuwa amezaa mara ya tatu, jana yake, ndama jike mzuri.

Nilimkuta Sekela amelala kwenye matope ya banda, shingo imepinda ubavuni, macho hayana habari na mtu. Masikio yalikuwa baridi. Nje walisimama watu wapatao ishirini na miavuli na magunia kichwani. Shemeji yake, kaka wa marehemu, alikuwa ameshakata majani ya migomba na kuyatandika chini kwa mpangilio, tayari kuwekewa nyama. Wanunuzi walikuwa wameshaambiana. Kila aliyeniona alishusha pumzi, na hakuna aliyetazama begi la dawa. Walitazama upande ninakoweka kisu.

"Fanya haraka, Bwana Mifugo," shemeji akasema. "Akituponyoka huyu ni mzoga."

Nikafumba macho, nikasoma dua yangu fupi, nikamwomba Mungu anionyeshe. Na nawaapia, moyo ulitulia. Ulitulia tuli, nikafumbua macho nikiwa na uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena.

Mama Atupele alikuwa amepiga magoti ameshika pembe ya Sekela. "Una hakika, Bwana Mifugo?"

"Mama, nimeomba," nikamjibu. "Mungu ameshaamua."

Aliniangalia kidogo. Kisha akaiachia ile pembe. "Kama ni Kyala amesema, mimi ni nani," akasema, akaingia ndani na mwanawe akafunga mlango.

Nikachinja.

Sasa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa pia mkaguzi wa nyama, ilinibidi nimfungue na kumtazama ndani kabla watu hawajagawana. Nilianza na mapafu. Safi. Ini, safi, halina hata mnyoo mmoja. Moyo, safi. Nikapasua tezi moja baada ya nyingine nikitafuta chochote, uvimbe, usaha, damu iliyoganda, kitu cha kunisaidia. Kizazi kilikuwa safi. Nikapasua kwa pupa mpaka nikajikata kidole. Yule hakuwa ng'ombe mgonjwa. Katika maisha yangu sijawahi kuona ng'ombe mzima namna ile.

"Nyama vipi?" shemeji akauliza.

"Inafaa," nikasema.

"Nyama safi!" akawatangazia watu, na watu wakamshukuru Mungu kwa sauti. Nilisimama katikati yao nikikifuta kisu.

Niliporudi nilimkuta Mzee Ambakisye ametoka msibani, anavua viatu barazani kwake. Nilimweleza. Hakunyanyua kichwa.

"Masikio?"

"Baridi."

"Shingo?"

"Imepinda ubavuni."

"Amezaa lini?"

"Jana."

Hapo akanyanyua kichwa. "Chupa niliyokupa ulikuwa nayo?"

Nikalifungua begi langu. Chupa ilikuwa mlemle, imefungwa kwenye gazeti, haijaguswa. Ilikuwa homa ya maziwa. Ng'ombe mwenye maziwa mengi akizaa, maziwa yanaivuta kalsiamu yote kutoka kwenye damu, nguvu zinamwisha, analala, anapoa, na usipomwahi anakufa. Ukimpa kalsiamu kwenye mshipa anaamka. Chuoni swali hilo lilikuja kwenye mtihani, na nililijibu vizuri mno. Kule bandani halikunijia hata kidogo.

"Lakini niliomba, Mzee," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Moyo ulitulia kabisa."

"Ulitulia kwa sababu majani ya migomba yalikuwa yameshakatwa," akasema. "Uliona watu wanataka nini, ukakubali, ukapumzika. Kyala hukumpa nafasi ya kujibu. Na ng'ombe hukumuuliza." Akaingiza miguu kwenye ndala. "Kesho nenda ukamwambie yule mama."

Nilikwenda. Naomba mniamini kwamba nilikwenda. Mama Atupele alinipokea vizuri, akaniandalia chai ya rangi maana ya maziwa haikuwapo, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Ndaga fijo, Bwana Mifugo. Asante sana. Ungeniambia ni ugonjwa ningelia mwaka mzima. Lakini umeniambia ni Mungu, nimenyamaza." Ndama alikuwa nyuma ya nyumba analia njaa, na Atupele mdogo anamnywesha maziwa ya kuombwa kwa jirani kwenye kikombe cha bati. Nikanywa chai. Nikaaga. Nikapewa mkungu wa ndizi, nikaufunga nyuma ya baiskeli. Nilipofika barabarani nikashuka, nikaukumbatia mti wa parachichi wa watu, nikalia.

Mzee Ambakisye aliuona mkungu akajua. "Utamwambia siku yako," akasema tu, na hakuniuliza tena mpaka alipostaafu, wala mpaka tulipomzika.

Kazi ikaendelea. Mlionijua mimi mnamjua yule wa baadaye, anayeacha kisu nje ya lango kabla ya kuingia bandani, anayewaudhi watu kwa kumzunguka ng'ombe. Mmenitania sana kwamba namfanyia ng'ombe usaili. Homa ya maziwa nimeitibu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuzoea. Unaipasha chupa joto kwenye maji ya moto, unaining'iniza, unaiachia polepole huku sikio lako liko kifuani kwa ng'ombe, maana ukiikimbiza dawa moyo unasimama. Kila alipoamka mmoja, watu walishangilia, na mimi nilimwona Sekela. Kisondela nilikuwa nikifika, lakini kwa Mama Atupele nilimtuma mwenzangu kila nilipopata kisingizio. Nikasikia ameacha kuimba kwaya ya akina mama, yeye aliyekuwa sauti ya kwanza. Nikajiambia labda ni magoti, kwaya zao husimama muda mrefu.

Mwezi mmoja kabla ya kustaafu, simu ikalia saa nne asubuhi. Mwanamke mtu mzima, anahema. "Bwana Mifugo, mimi Atupele wa Kisondela. Ng'ombe wa mama amezaa jana. Leo hasimami." Mwenzangu alikuwa semina Mbeya. Sikuwa na kisingizio.

Nilipofika nilidhani akili imeniruka. Mvua ileile. Banda sasa lina sakafu ya saruji na bati jipya, lakini ng'ombe amelala vilevile, shingo ubavuni, rangi ileile, maana alikuwa uzao wa ndama yule wa kikombe cha bati. Shemeji alishafariki, ila mwanawe alikuwapo, na chini, nawaapia kwa Mungu, majani ya migomba yametandikwa. Bodaboda watatu walikuwa wameegesha wakisubiri kusambaza nyama. Na pembeni kwenye stuli, amejifunika kitenge, Mama Atupele mwenyewe, mzee, macho yake kwangu.

"Fanya fasta, mzee, huyu anakata moto," akasema yule kijana wa marehemu shemeji.

Nikaweka kisu nje ya lango. Nikafumba macho, na safari hii sikuomba nionyeshwe kitu. Niliomba nisiseme lisilokuwapo. Kisha nikamuuliza ng'ombe. Masikio, baridi. Ufizi umepauka, pua kavu. Moyo uko mbali, lakini upo. Nikaomba maji ya moto. Vijana wakaguna. Chupa ilipopata joto nikaupata mshipa wa shingo, nikapiga magoti kwenye saruji, sikio kifuani, nikaanza kuiachia.

Nusu chupa, ngozi ya ubavu ikaanza kucheza. Ng'ombe akacheua. Pua ikatoka jasho. Chupa ilipokwisha akashusha rundo la mavi, bodaboda mmoja akacheka, na kicheko kikamkatikia njiani kwa sababu ng'ombe alinyoosha miguu ya nyuma, akayumba, akasimama. Akaenda kumlamba ndama wake. Watu wazima waliruka nyuma. Mmoja alishika msalaba wake wa shingoni. Atupele akapiga kelele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna kifo.

Mama Atupele hakupiga kelele. Alisimama kutoka kwenye stuli, akaja mpaka nilipokuwa, akaiokota chupa tupu sakafuni. Akaigeuza geuza.

"Bwana Mifugo," akasema polepole, "Sekela naye alilala hivihivi."

Watu wakanigeukia.

"Ndiyo, mama."

"Shingo hivihivi. Masikio hivihivi. Niliyashika mimi."

"Ndiyo."

"Dawa hii siku zile ilikuwa haijaja?"

Vijana wangu, mlango ule ulikuwa wazi kabisa. Ningesema haijaja, na nani angenibishia?

"Ilikuwapo, mama," nikasema. "Ilikuwa begini mwangu. Ile siku nzima ilikuwa begini. Sikuitoa."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha asiyoijua. "Lakini ulisema umeomba. Ulisema Mungu ameamua."

"Mungu hakuamua kitu. Niliamua mimi, kwa sababu watu walikuwa wananisubiri. Nikatumia jina Lake."

Alirudi nyuma hatua mbili akaketi, karibu aikose stuli, Atupele akamdaka. Nilijiandaa kwa laana, kwa kofi, kwa chochote. Nilikuwa nimepiga magoti bado na sikuthubutu kuinuka. Akaanza kusema, na hakuwa akisema na mimi.

"Nilitafuta kosa langu miaka yote hii," akasema. "Nikasema labda ni kwa sababu sikumlilia vizuri mume wangu. Labda ni kwa sababu niligombana na mkwe. Nikaenda nikamwomba radhi mkwe, akaniuliza radhi ya nini, sikujua. Nikasema, kama Kyala anaweza kumchukulia mjane ng'ombe mmoja, simwimbii." Akafuta uso kwa kitenge. "Kumbe hakuwa Yeye."

"Hakuwa Yeye, mama. Nilikuwa mimi."

Basi akafumba macho palepale, mbele ya bodaboda na majani ya migomba, chupa tupu mapajani, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani kupitia ukuta, "Kyala, unisamehe. Nimekununia bure."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimengoja kusamehewa zaidi ya miaka thelathini, na huyu mama, aliyekosewa, ndiye aliyekuwa anaomba radhi.

Alipofumbua macho hakunisamehe, nisiwadanganye. Alisema, "Na wewe Bwana Mifugo, nitakufikiria. Sasa yatoe hayo majani hapa." Nikayakusanya majani yote mimi mwenyewe, nikamkatia ng'ombe ale yaliyo laini. Kisu nilichoyakatia kilikuwa kile cha baba.

Jumapili iliyofuata Atupele alinipigia asubuhi. Nilidhani ng'ombe amelala tena, nikaanza kutafuta buti. "Hapana, ng'ombe mzima," akasema. "Nauliza tu, ulimwambia nini hasa mama? Amepekua sanduku tangu alfajiri, anatafuta sare ya kwaya. Tumeikuta, panya wameila mkono mmoja. Anasema atakwenda nayo hivyohivyo."